Kaa wa Plymouth na Damu ya Musoma: Habari za Kupima Hitilafu za Viumbe

Kila mtu ajua ya kuwa vidole vya mkono havilingani, wala haihitaji elimu kubwa kulitambua jambo hilo. Mvuvi wa pwani zetu ajua kwamba katika kaa mia waliotolewa mikokoni hakuna wawili wafananao kila kitu, na mchungaji humtambua ng'ombe wake katika kundi la watu wengine kwa pembe na rangi yake. Lakini kujua ya kuwa viumbe hutofautiana ni jambo moja. Kujua kwamba hutofautiana kwa kiasi gani, kwa utaratibu gani, na kwamba tofauti hizo zina kazi gani katika maisha na mauti yao, ni jambo jingine kabisa. Jambo hili la pili lilianza kutafutwa kwa hesabu huko Ulaya katika karne ya 19, na habari zake, kwa njia ndefu kidogo, zafika mpaka Kampala na Musoma. Ndizo nitakazo kuzieleza hapa.

Yafaa kwanza niseme machache juu ya maneno yenyewe. Neno takwimu, tulitumialo siku hizi kwa elimu ya kukusanya hesabu na kuzipambanua, asili yake ni Kiarabu, na huko mojawapo ya maana zake ni kalenda. Neno hitilafu nalo twalitumia mara nyingi kwa maana ya kasoro, kama tusemapo ya kuwa mtambo umepata hitilafu. Bali katika makala haya nalitumia kwa maana yake ya asili, yaani hali ya kuwa mbalimbali, kutolingana. Nimelichagua neno hili kwa makusudi. Msomaji ataona ya kuwa waanzilishi wa elimu hii nao walizichanganya maana hizo mbili, wakaidhania tofauti kuwa ni kosa.

Dhana hiyo ilitoka kwa wanafalaki. Mtu apimaye mahali pa nyota moja mara mia hapati jibu moja mara mia. Hupata majibu yanayokaribiana, mengi yakiwa karibu na wastani, machache yakiwa mbali, na machache mno yakiwa mbali sana. Ukiyachora majibu hayo katika karatasi, wapata mchoro wenye umbo la kengele. Wanahesabu wakubwa wa zama zile, Gauss katika kitabu chake cha mwaka 1809 na baada yake Laplace, waliitunga kanuni ya mchoro huo na kuiita kanuni ya makosa. Jina hilo lilikuwa na haki yake, maana nyota ni moja, na majibu mengine yote ni makosa ya mpimaji.

Aliyeihamisha kanuni hiyo kutoka mbinguni na kuileta kwa wanadamu alikuwa Mbelgiji, Adolphe Quetelet (1796–1874), mkuu wa nyumba ya falaki mjini Brussels. Mwaka 1846 alichapisha hesabu ya vifua vya askari 5,738 wa Uskoti, iliyokuwa imekwisha kutolewa zamani katika jarida moja la utabibu. Wastani wao ulikuwa inchi 40 kasoro kidogo. Wengi walikuwa na inchi 39 au 40, wachache walikuwa na inchi 35 au 45, na waliofika inchi 33 au 48 walihesabika kwa vidole. Quetelet alipouchora mchoro wake akaona kengele ile ile ya wanafalaki. Hapo akafanya jambo lililo kosa na werevu kwa pamoja: akasema ni kana kwamba maumbile yalikusudia kumwumba askari mmoja tu, mtu wa wastani, yakawa yanakosea shabaha mara 5,738.

Kisha aliitumia kengele yake kugundua udanganyifu. Alizitazama hesabu za vimo vya vijana 100,000 wa Kifaransa walioitwa jeshini. Waliopungua sentimita 157 walisamehewa utumishi. Quetelet aliona kwamba chini kidogo ya kimo hicho palikuwa na vijana wengi mno kuliko kanuni ilivyoruhusu, na juu yake kidogo palikuwa na upungufu ulio sawa na ziada ile. Kwa makadirio yake, vijana kama 2,000 walikuwa wamejikunyata mbele ya kipimo. Hakumwona hata mmoja wao kwa macho, wala hangeweza kumtaja kwa jina. Aliwaona katika umbo la hesabu tu. Namwomba msomaji aishike habari hii, maana tutaihitaji tutakapofika Musoma.

Mwingereza Francis Galton (1822–1911) ndiye aliyeyageuza mambo. Yeye hakujali sana wastani. Alichokitaka ni tofauti zenyewe. Alikuwa na sababu. Binamu yake, Charles Darwin, alikuwa amechapisha mwaka 1859 kitabu chake juu ya asili ya viumbe, na nguzo ya hoja yake ilikuwa ni hii: viumbe wa namna moja hawalingani, na kutolingana huko ndiko kunakoupa uteuzi wa asili kitu cha kuteua. Ikiwa kila sungura angekuwa nakala ya mwenziwe, mbweha hangekuwa na la kuchagua. Basi tofauti si kosa la maumbile. Ndiyo mali yake.

Galton alikuwa mtu wa kupima kila kitu. Mwaka 1884, katika maonyesho ya afya mjini London, alifungua chumba ambamo mtu alilipa peni 3 ili apimwe kimo, uzito, nguvu za mkono, kuona na kusikia. Watu 9,337 walipimwa. Kisha akakusanya vimo vya watoto 928 waliokwisha kuwa watu wazima, pamoja na vimo vya jozi 205 za wazazi wao. Kwa kuwa wanawake ni wafupi kuliko wanaume, alizidisha vimo vyao kwa 1.08 ili waweze kulinganishwa. Aliyoyaona yalimshangaza: wazazi waliozidi wastani kwa inchi 3, watoto wao waliuzidi kwa inchi 2 hivi tu. Kadhalika wazazi wafupi walipata watoto wafupi, lakini si wafupi kama wao. Watu wengi walioisoma habari hiyo walidhani ya kuwa kizazi chote kinarudi katikati, na kwamba mwishowe sote tutakuwa kimo kimoja. Sivyo. Ukianza na watoto warefu ukawatazama wazazi wao, wao nao utawaona wako karibu zaidi na wastani. Ni tabia ya vipimo viwili visivyofuatana kwa ukamilifu, wala si nguvu inayowavuta watu. Mwaka 1888 Galton alitoa kipimo cha kufuatana huko, nacho hata leo hakuna elimu ya viumbe wala ya uchumi iwezayo kwenda pasipo nacho.

Walakini si haki kumsifu Galton na kuyafunika mengine. Katika safari yake ya kusini-magharibi mwa Afrika, kati ya mwaka 1850 na 1852, alimpima mwanamke mmoja umbo lake kwa mbali, kwa kutumia chombo cha mabaharia cha kupimia pembe za nyota, pasipo kumwomba ruhusa, kisha akaisimulia habari hiyo katika kitabu kama kichekesho. Mwaka 1883 alibuni jina la Kiingereza la fikira yake ya kuboresha kizazi cha watu kama mfugaji anavyoboresha ng'ombe: wanaodhaniwa kuwa bora wazae sana, wanaodhaniwa kuwa duni wasizae. Fikira hiyo na hesabu zile za vimo zilitoka katika kichwa kimoja, na kwa muda mrefu zilikwenda pamoja.

Nageukia sasa habari za kaa, ambazo mimi binafsi nazipenda kuliko zote.

Raphael Weldon (1860–1906) alikuwa mtaalamu wa wanyama. Alikuwa amechoka na desturi ya wenziwe ya kuvichora viungo vya mnyama mmoja na kubuni nasaba yake ya kale. Alipokisoma kitabu cha Galton cha mwaka 1889 aliona njia mpya: kama uteuzi wa asili upo kweli, basi uonekane sasa hivi, katika wanyama walio hai, na uonekane kwa hesabu. Alianza na kamba wadogo wa bahari, kisha akachukua kaa wa pwani walio wengi katika fukwe za Ulaya. Yeye na mkewe Florence waliketi wakapima kaa jike 1,000 kutoka ghuba ya Naples, Italia, na 1,000 kutoka Plymouth, Uingereza. Mtu asiyewahi kumshika kaa mmoja akampima kwa uangalifu na kuandika namba zake, kisha kumshika wa pili, hataijua subira iliyohitajiwa.

Karibu vipimo vyote vilileta kengele ile ile. Kimoja tu kilikataa: upana wa paji la gamba katika kaa wa Naples. Mchoro wake ulilala upande mmoja. Weldon alimpelekea habari hiyo rafiki yake Karl Pearson (1857–1936), mwanahesabu wa University College, London. Pearson alijiuliza, je, haiwezekani kuwa hizo ni kengele mbili zilizolaliana, yaani namna mbili za kaa waliochanganyika katika ghuba moja? Mwaka 1894 alichapisha njia ya kuitenganisha kengele moja iliyopotoka kuwa mbili zilizo sawa. Njia hiyo ilidai kufumbua mlinganyo wa daraja la tisa, tena kwa kalamu na karatasi. Watu walicheka kwamba kazi yote ile ilifanywa kwa ajili ya mapaji ya kaa. Lakini leo mashine zitenganishazo sauti na picha zafanya kazi iliyo ya ukoo mmoja na hiyo.

Plymouth palikuwa na jambo jingine. Mdomoni mwa bandari yake palikuwa pamejengwa boma kubwa la mawe la kuzuia mawimbi, kazi iliyoanzishwa mwaka 1812. Boma lilituliza maji, meli zikastarehe. Lakini maji yaliyotulia hayachukui uchafu kwenda nje. Mito ilileta udongo mweupe wa mfinyanzi kutoka milimani, na mji uliokuwa ukikua uliongeza taka zake. Weldon alipima kaa wa ghuba hiyo mwaka baada ya mwaka, akaona ya kuwa kati ya 1893 na 1898 wastani wa upana wa paji, kwa kaa wa ukubwa mmoja, ulikuwa unapungua. Akafanya jaribio. Aliwatia kaa 248 katika maji yaliyovurugwa kwa udongo ule: 154 wakafa, 94 wakaishi. Alipowapima wote, wafu na hai, aliona kuwa waliokufa kwa wastani walikuwa na mapaji mapana kuliko waliosalia. Alitoa sababu: maji huingia katika chumba cha matamvua kwa njia iliyo karibu na paji, na paji jembamba huchuja udongo vizuri zaidi. Habari hizi alizisoma mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Bristol mwaka 1898.

Wapinzani hawakukosekana. Walisema kwamba kaa hujivua gamba na kuota jingine, na umbo lake hubadilika kila ajivuapo. Kwa hiyo huenda Weldon alilinganisha kaa wa umri mbalimbali. Upinzani huo si wa upuzi, na nadhani hata leo mtu mwangalifu hatasema kwamba Weldon alilithibitisha dai lake pasipo shaka. Lakini kwa maoni yangu thamani ya kazi yake haimo katika paji la kaa. Imo katika swali alilolifanya liwe la halali: usiniambie tu kwamba kiumbe huyu anafaa kuishi, niambie ni wangapi walikufa, ni wangapi waliishi, na walitofautiana kwa kipimo gani. Weldon alikufa kwa kichomi mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 46.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, swali hilo hilo lilijibiwa kwa bahati ya dhoruba. Tarehe 1 Februari 1898 tufani kali ya baridi ilipiga mji wa Providence, na shomoro waliozimia kwa baridi wakaokotwa na kuletwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Brown. Walikuwa 136. Baada ya kutiwa mahali penye joto 72 walipona, na 64 wakafa. Mwalimu Hermon Bumpus aliwapima wote, urefu, uzito, mabawa, mifupa, akasema ya kuwa waliokufa walikuwa zaidi wale waliokuwa mbali na wastani, wakubwa mno au wadogo mno. Wengine baada yake wamelitengeneza jibu lake na kulisahihisha, wakawatenga madume na majike. Wameweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: Bumpus alizichapisha namba zote, ndege mmoja mmoja. Kwa miaka zaidi ya 120 kila mwenye njia mpya ya hesabu ameijaribu kwa shomoro wale. Laiti kila mtafiti angeacha nyuma yake daftari la namna hiyo!

Ya miaka iliyofuata nitayapita upesi. Mwaka 1901 Galton, Pearson na Weldon walianzisha jarida lao la vipimo vya viumbe, Biometrika, ambalo lingali likichapishwa. Mwaka 1900 kazi ya padri Mendel juu ya mbaazi ilikuwa imefufuliwa, na kundi la Weldon likagombana vikali na kundi la William Bateson juu ya urithi: je, sifa hurithiwa vipande vipande kama Mendel asemavyo, au huchanganyika taratibu kama vimo vya Galton? Mwaka 1908 Hardy, Mwingereza, na Weinberg, Mjerumani, kila mmoja peke yake, walionyesha hesabu nyepesi ya jinsi jeni zinavyogawanyika katika jamii watu wanapooana pasipo kubagua jeni hizo. Na mwaka 1918 Ronald Fisher alionyesha kwamba makundi yale mawili yalikuwa yakigombania kitu kimoja: vipande vingi vya Mendel vikijumlishwa, huleta kengele ya Galton.

Lakini lipo jambo ambalo siwezi kulipita upesi. Ala hizi zilipokwisha kuchongwa, wengine walizitumia kuwapanga wanadamu daraja. Pearson mwenyewe, aliyekuwa mwaka 1911 amepewa kiti cha uprofesa cha elimu ile ya kuboresha kizazi, alichapisha mwaka 1925, pamoja na Margaret Moul, hoja ya kuwapinga wahamiaji wa Kiyahudi, kwa kuwapima watoto wao katika shule ya London. Chuo chake kiliyaondoa majina ya Galton na Pearson katika majumba yake mwaka 2020.

Upepo huo ulivuma mpaka kwetu. Mwaka 1933 walowezi na madaktari waliunda Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa kizazi, na mwaka 1934 daktari F. W. Vint alitoa maandishi juu ya ubongo wa mwenyeji wa Kenya, akidai kwamba ni mdogo kwa uzito kuliko wa Mzungu. Tusitumie hasira hapa, tutumie takwimu. Mabongo yale yalikuwa ya maiti wa hospitali. Nani alikufa katika hospitali za Waafrika za Nairobi katika miaka ile? Maskini, na wenye maradhi ya siku nyingi. Nao walilinganishwa na nani? Na hesabu zilizopatikana kwingine, kwa watu waliokula vingine na kufa kwa njia nyingine. Quetelet, ambaye kutoka mezani kwake aliwatambua vijana 2,000 waliojikunyata, angeuliza swali moja tu: watu hawa walichaguliwaje? Mpimaji aliyekwisha kuamua jibu haulizi swali hilo. Mwaka 1972 Mmarekani Richard Lewontin alizipanga tofauti za damu za watu wa dunia nzima, akaona ya kuwa katika kila sehemu 100 za hitilafu za wanadamu, 85 zimo ndani ya jamii moja moja, kati ya jirani na jirani. Na zinazoyatenga yale yaitwayo mataifa makubwa ya rangi ni 6 hivi tu.

Damu ndiyo inayotuleta Ziwa Victoria.

Ugonjwa wa selimundu uliandikwa kwa mara ya kwanza katika utabibu wa kizungu mwaka 1910, na James Herrick wa Chicago, aliyeona chembe nyekundu za damu zilizopindika kama mundu. Arithiye jeni hiyo kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa mkali. Arithiye kwa mmoja tu huwa mzima, ila damu yake huonyesha alama ikipimwa. Mwaka 1949 Lehmann na Raper walitoa hesabu za Uganda. Katika Waamba wa magharibi watu 45 katika 100 walikuwa na alama hiyo, na katika wafugaji wa Kihima wachache mno. Waandishi hao waliitafuta maana yake katika asili na uhamiaji wa makabila, kana kwamba damu ni muhuri wa nasaba.

Mwaka huo huo kijana Anthony Allison (1925–2014), aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil, Kenya, alikuwa akisoma Oxford, akaja na msafara wa chuo chake kupanda Mlima Kenya. Njiani alikusanya damu. Aliona kwamba kando ya bahari na kando ya ziwa wenye alama walizidi 20 katika 100, na katika nyanda za juu hawakufika hata 1. Wasomaji wa jarida la lugha watalifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Waganda na Wakikuyu wote ni Wabantu, lugha zao ni ndugu. Lakini Waganda wana alama hiyo kwa wingi, na Wakikuyu karibu hawana. Wajaluo si Wabantu, lugha yao ni ya Kiniloti. Lakini kwa damu hii wanakwenda na Waganda. Basi si lugha wala si nasaba iliyoigawa. Ni nini kilichopo pwani na ziwani, na kisichopo mlimani? Mbu wa malaria.

Allison alirudi mwaka 1953 kulijaribu wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda. Waliokuwa na alama ya selimundu walikuwa 43, na kati yao 12 walikuwa na vimelea vya malaria katika damu, yaani karibu 28 katika 100. Wasiokuwa nayo walikuwa 247, na kati yao 113 walikuwa na vimelea, yaani karibu 46 katika 100. Je, tofauti hiyo si ya bahati nasibu tu? Kwa kipimo alichokitunga Pearson mwaka 1900, bahati pekee ingeleta tofauti kubwa kiasi hicho chini ya mara 5 katika 100. Ala ya Pearson ikafanya hapa kazi ambayo Pearson hakuitazamia.

Alifanya pia jaribio la Wajaluo 30, watu wazima waliojitolea, 15 wenye alama na 15 wasio nayo. Wote walitiwa malaria. Katika wasio na alama 14 walishikwa. Katika wenye alama 2 tu. Walitibiwa baadaye, na jibu lilikuwa wazi mno. Lakini jaribio la namna hiyo lisingekubaliwa leo, wala mimi sioni fahari kulitaja pasipo kusema hivyo.

Kisha akaja Musoma, na hesabu zake alizitoa mwaka 1956. Alipima watoto wachanga 287: wasio na jeni ya selimundu 189, wenye moja 89, wenye mbili 9. Alipima watu wazima 654: wasio nayo 400, wenye moja 249, wenye mbili 5. Namba hizi sita zatosha, na msomaji mwenye kalamu aweza kuzifuata.

Kila mtu ana nafasi mbili za jeni hii. Watoto 287 wana nafasi 574, na katika hizo jeni za selimundu ni 89 na mara mbili ya 9, jumla 107, yaani 0.186 ya zote. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, izidishe 0.186 kwa yenyewe, kisha kwa 287: wapata watoto 10 wenye mbili. Kwa njia hiyo hiyo wenye moja wapaswa kuwa 87, na wasio nayo 190. Walioonekana ni 9, 89 na 189. Ni sawasawa kabisa. Watoto wa Musoma walizaliwa kama kanuni ilivyosema.

Sasa watu wazima. Nafasi ni 1,308, jeni za selimundu ni 249 na mara mbili ya 5, jumla 259, yaani 0.198. Kanuni yadai wasio nayo 421, wenye moja 208, na wenye mbili 26, kwa kukadiria. Walioonekana ni 400, 249 na 5. Wenye jeni moja wamezidi kwa watu 41. Hao ndio waliokingwa: malaria iliwakuta utotoni ikawapita. Wasio nayo wamepungua kwa watu 21 hivi, na aliyewapunguza ni mbu. Wenye mbili nao wamepungua kwa watu 21 hivi, na hao waliuawa na selimundu yenyewe. Hivi ndivyo jeni iuayo ilivyodumu katika nchi ile vizazi na vizazi. Kila mahali penye malaria ilikuwa ikilipa kwa mkono mmoja na kudai kwa mkono wa pili.

Kama vile Quetelet hakuwaona vijana wake waliojikunyata, Allison naye hakuwaona watu hawa. Hakuna daftari la hospitali lenye majina yao, na wengi wao, yamkini, walizikwa kabla hawajafika umri wa kusema. Waweza tu kuwaona katika pengo lililopo kati ya 26 na 5.